Kabureta Isihukumiwe Kwanza: Majibu kwa Wenye Magari ya Spoti ya Zamani

SWALI: Nina MGB ya 1971, gari dogo la spoti la Uingereza, lenye kabureta mbili za aina ya SU. Nikikanyaga mafuta ghafla injini inakohoa, nikisimama kwenye foleni inatetemeka, na harufu ya petroli haiishi. Mafundi wawili wamekaza na kulegeza kabureta, kila mmoja kwa namna yake, na hali inazidi kuwa mbaya. Ninunue kabureta mpya?

JIBU: Usinunue, na kwa sasa usiziguse. Kabureta ya SU ina sehemu chache sana zinazotembea, kwa hiyo huishi miaka mingi bila kuharibika. Tatizo ni kwamba kila kosa la valvu, platini (ncha mbili zinazokata umeme ili plagi itoe cheche) au plagi hujionyesha kama mchanganyiko mbaya wa petroli na hewa, na fundi mwenye haraka hukimbilia nati anayoiona. Kabureta hurekebishwa mwisho.

Anza kazi injini ikiwa baridi. Ondoa plagi zote, weka gia ya 4, kisha sogeza gari taratibu kwa mkono ili injini izunguke. Nafasi kati ya roka (mkono unaoisukuma valvu) na shina la valvu ni 0.38 mm kwa valvu zote 8. Ili usibahatishe, tumia hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 5 ikifunguka, pima ya 4. Jumla iwe 9 kila mara.

Hamia kwenye distributa. Platini ziachane kwa 0.35 hadi 0.40 mm pale zinapokuwa wazi kabisa, na mdomo wa plagi uwe 0.64 mm. Rekebisha platini kabla ya taimingi, yaani wakati wa cheche, maana ukibadilisha nafasi ya platini taimingi nayo inahama. Nyonya kwa mdomo mpira mwembamba wa vakyumu unaotoka kwenye distributa: ubao wa platini usogee na ubaki pale mradi unashikilia pumzi. Ukirudi wenyewe, kiwambo kimetoboka. Hakikisha pia waya za plagi zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2, ukihesabu kinyume cha mwendo wa saa. Ni kosa dogo, lakini tunaliona mara nyingi kwenye magari yaliyopita mikono mingi.

Yote hayo yakikaa sawa, sasa fungua kabureta. Fanya kazi nje, penye hewa, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu. Weka alama kwenye kila kuba (kifuniko cha mviringo juu ya kabureta) na pistoni iliyo ndani yake kabla ya kuvitoa. Vimechongwa kwa jozi, na ukivichanganya pistoni itakwama au hewa itapenya pembeni. Visafishe kwa kitambaa na petroli, kamwe usitumie msasa. Kuta za kuba zirudishwe zikiwa kavu. Ukiinua pistoni na kuiachia, ianguke laini na kugonga chini kwa mlio wa chuma juu ya chuma. Isipogonga, kuna uchafu, au jeti (tundu linalotoa petroli) haijakaa katikati na sindano ya pistoni inaisugua.

Kikohozi chako cha ghafla kina chanzo kinachosahaulika mno: oili ya kwenye shina la pistoni, chini ya kile kifuniko cheusi juu ya kuba. Kazi yake ni kuizuia pistoni isiruke juu kwa kasi. Ikikauka, pistoni huruka mara tu unapokanyaga, hewa inaingia nyingi kuliko petroli, injini inakohoa. Jaza oili ya SAE 20 hadi ipite mdomo wa shina kwa 13 mm hivi. Haigharimu chochote cha maana, na huenda nusu ya malalamiko yako ikaishia hapo.

Kwa mchanganyiko, pandisha nati ya jeti hadi jeti iwe sawa na uso wa daraja, ile sakafu ya njia ya hewa chini ya pistoni, halafu iteremshe mizunguko miwili kamili, yaani pande 12 za nati. Fanya hivyo kwenye kabureta zote mbili. Legeza vibano vya fito zinazoziunganisha, washa, acha injini ipate joto lake la kawaida, kisha sikiliza mdomo wa kila kabureta kwa kipande cha mpira kilichowekwa sikioni. Rekebisha skrubu za mwendo wa chini hadi mivumo ilingane, injini ikizunguka takriban mara 800 kwa dakika.

Kisha inua pistoni ya kabureta moja kwa 0.8 mm tu, kwa ile pini ndogo iliyo pembeni. Mzunguko ukiongezeka na kubaki juu, petroli imezidi: pandisha nati upande mmoja. Ukipungua au injini ikitaka kuzima, petroli ni kidogo: teremsha upande mmoja. Ukiongezeka kidogo kisha ukatulia, acha hapo hapo. Nenda kabureta ya pili, halafu rudi ya kwanza, kwa kuwa zinaathiriana.

Harufu ya petroli ichunguze peke yake. Toa boya utikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Valvu ya sindano juu ya boya nayo, ikiwa na taka, hufurisha chumba. Mwisho, injini ikiwa imewaka na kabla eksozi haijapata moto, pulizia maji yenye sabuni kidogo kwenye ncha za mhimili unaovutwa na kanyagio la mafuta, pale unapoingia kwenye mwili wa kabureta. Mzunguko ukibadilika, mhimili umelika na unavuta hewa. Hapo kweli kabureta ina kosa, na dawa yake ni kupelekwa karakana yenye mashine ili itiwe mhimili na bushi mpya.

SWALI: Fundi amenishauri nitumie oili ya kisasa nyepesi, 5W-30, akisema ni bora kuliko ile nzito ya zamani. Ni kweli?

JIBU: Ni bora kwa injini iliyoundwa kwa ajili yake. Injini nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina tapeti bapa zinazosuguana moja kwa moja na kemu, na zinahitaji zinki na fosforasi ambazo zimepunguzwa kwenye oili nyingi za kisasa ili kulinda katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Tumia 20W-50 iliyoandikwa kuwa ni ya magari ya zamani. Badilisha kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka, hata kama hujafikisha nusu ya umbali huo.

SWALI: Nimeonyeshwa MGB ya wazi, imepigwa rangi mwezi uliopita, inang'aa kama kioo. Injini inavuta vizuri. Nitazame nini kabla ya kulipa?

JIBU: Tazama chini ya mlango, si chini ya boneti. Gari la wazi halina paa la kulishika, na kwenye MGB karibu nguvu yote ya bodi imo katika vizingiti vya pembeni. Kizingiti kina tabaka zaidi ya moja za bati: la nje unaloliona, na ya ndani usiyoyaona. Muuzaji huweza kuchomelea bati jipya la nje juu ya uozo, akapiga puti na rangi, na wewe ukanunua gari linalojikunja katikati.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na chini ya taa. Inapodondoka kuna puti. Kisha tazama mwanya kati ya mlango na bodi: uwe na upana ule ule toka juu hadi chini. Sasa omba gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, ufungue na kufunga mlango. Mlango ukigoma au mwanya ukibana juu, vizingiti vimekwisha. Muuzaji anayekataa jeki iguse gari lake amekwisha kukujibu. Inua pia zulia la mbele ubonyeze sakafu kwa dole gumba.

Ukilipenda hata hivyo, jua kwamba kabla ya kukata kizingiti ni lazima uchomelee fito za kushikilia uwazi wa mlango, na ukate upande mmoja tu kwa wakati. Wasiofanya hivyo hupata gari lililopinda lisilofunga milango tena. Kwa MGB kuna njia nyingine: kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza bodi nzima mpya mwaka 1988. Ni ghali, lakini pengine si ghali kuliko miezi ya kuchomelea.

Ushauri wetu haujabadilika: kati ya bodi nzima yenye injini iliyochoka na injini nzuri ndani ya bodi iliyooza, chukua ya kwanza. Injini hutolewa kwa siku moja.

SWALI: Gari langu linachemsha kwenye foleni, lakini barabara kuu linatulia. Nimebadilisha thermostati, nikaishia kuitoa kabisa. Bado.

JIBU: Irudishe. Bila thermostati injini hukaa baridi safarini na hulika upesi, na tatizo lako haliko huko. Gari linalochemsha likisimama linakosa hewa. Linalochemsha likikimbia linakosa maji. Wewe ni wa kundi la kwanza: kagua mkanda wa feni, mapanga yake, na mapezi ya rejeta yaliyoziba kwa wadudu na vumbi. Taimingi iliyochelewa nayo huongeza joto sana injini ikizunguka polepole.

Kabla ya yote, pima joto halisi kwa kipimajoto cha miale kwenye nyumba ya thermostati, maana geji za zamani hudanganya. Pitisha kipimajoto hicho juu ya rejeta pia. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake imeziba ndani. Kifuniko cha rejeta kiwe na kiwango kilichoagizwa na mtengenezaji: shinikizo la psi 10 huyafanya maji yachemke karibu nyuzi 115 badala ya 100, na springi ikichoka unaipoteza faida yote hiyo.

SWALI: Nina MGB ya 1965. Niliunganisha redio mpya, fyuzi ikaungua papo hapo. Kwa nini?

JIBU: MGB hadi 1967 zina upande wa chanya wa betri ulioungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Ganda la redio lilipogusa bodi, umeme ukapiga shoti. Unaweza kugeuza mfumo: geuza muunganiko wa betri, badilishana waya mbili za koili, kisha gusisha kwa sekunde chache waya wa chanya kwenye kituo cha F cha jenereta ukiwa umechomoa waya zake. Usisahau geji ya mizunguko. Ile ya umeme lazima ifanyiwe marekebisho ndani, la sivyo itaungua.

SWALI: Nitasafiri miezi 5. Nimwombe mtu aliwashe gari kila wiki kwa dakika tano?

JIBU: Hapana. Dakika tano hazikaushi chochote: mvuke unabaki kama maji ndani ya oili na sailensa, choki inaosha kuta za silinda kwa petroli, na betri hairudishiwi ulichoichukulia stata. Liendeshwe walau nusu saa, au liachwe lilale.

Kabla ya kuondoka badilisha oili, kwa sababu iliyotumika ina asidi. Jaza tangi. Ongeza psi 10 kwenye kila tairi, achia breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa vigingi. Bana kanyagio la klachi chini kwa kipande cha mti, klachi isije ikagandana na flaiwili. Chomoa betri ikiwa na volti 12.6.

Ukirudi, chomoa waya wa koili uzungushe injini kwa stata hadi geji ya oili ipande, ndipo uwashe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji kiwango kinashuka hadi 155. Yabadilishe kila miaka 2, na usiyachanganye na DOT 5 ya silikoni. Bonyeza mipira ya petroli kwa vidole. Ikiwa migumu au ina nyufa, weka yenye alama ya SAE J30 R9, ambayo huvumilia ethanoli ya petroli ya kisasa. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililopita miaka 10 litolewe hata kama meno yake bado ni marefu.