Mkunga wangu hatoshi tena kwenye tangi, nimrudishe baharini?

Shikamoo ami. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mkunga wa madoa meusi na meupe, mwembamba kama kalamu, urefu wake hata shibiri mbili hazitimii. Leo kwa kumkadiria anapita mita moja, na tangi langu ni la lita 400. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe amewamaliza mmoja mmoja, usiku. Mwezi uliopita niliamka alfajiri kuswali nikamkuta sakafuni jikoni, kajiviringisha kando ya mtungi wa gesi, yu hai! Mume wangu anasema tumkaange. Mimi nimeazimia twende naye Mombasa likizo hii nimwachilie Nyali, si ndiko kwao? Halafu mwanangu ametangaza shuleni kwamba mama ana mkunga nyumbani, na mwalimu ameniuliza natarajia lini.
Mama Zuhura, South C, Nairobi

Marahaba mwanangu. Mwalimu mwambie ukweli mapema, asije akaanza kuchangisha.

Mume wako nimjibu kwanza kwa kuwa jibu lake ni fupi. Wahenga walitukataza kuwatukana wakunga na uzazi ungalipo. Kuwakaanga hawakutaja, lakini huyo wako namkataza mimi. Samaki wa tangi hutiliwa dawa za kila namna, nyingine zina shaba, na hujui yeye alipewa zipi kabla hujamnunua. Hata wa baharini, mkunga mkubwa anaweza kuwa na sumu inayotokana na vijimea vya mwambani, ambayo moto wa jiko hauiui.

Sasa Nyali. Ni kweli mkunga wa madoa ni mwenyeji wa pwani yetu. Nilipokuwa kijana nikizamia samaki wa mapambo huku Kilifi, tukiwauzia wanaosafirisha nje, nilikuwa nikiwakuta kwenye mapango ya mwamba, kichwa tu nje, mdomo unafunguka na kufunga. Watu hudhani anatishia, kumbe ndivyo anavyopumua. Lakini wako alitoka wapi? Huenda ni wa Shimoni, huenda ni wa Indonesia. Miaka mitatu ameoga maji mamoja na samaki waliokusanywa huku na huku, na vimelea vyao anavyo.

Jingine ni mkono wako. Najua unamlisha kwa mkono, maana nami nilifanya hivyo. Mkunga haoni vizuri, anafuata harufu, na akishazoea kwamba mkono ndio chakula, hatofautishi kidole na ngisi. Wapo wapiga mbizi waliopoteza vidole kwa wakunga waliozoeshwa hivyo. Na sisi tuna akina mama wanaotembea mwambani maji yakitoka, wakichokoa mashimo kutafuta pweza. Fikiria mkono wa mmoja wao, unanuka pweza, unafika mlangoni kwa huyo wako. Meno yake yameinamia nyuma, na kooni ana taya jingine linalokuja mbele kuvuta windo ndani. Akishika, ukijivuta unajichana mwenyewe.

Tena samaki mwindaji akitoka tangini hujui atafika wapi. Yule samaki simba wetu, mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, alionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika waliomfikisha huko ni wafugaji wa majumbani. Leo ameenea Karibiani nzima, anawala samaki wachanga wa mwambani, na wenyeji wanamwinda kwa mikuki bila kummaliza.

Anza na aliyekuuzia. Akikataa, tafuta wanaosafirisha samaki wa mapambo huku pwani, wao wana matangi makubwa, au hoteli yenye akwariamu ya maji ya chumvi. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mkomani, Mombasa. Kawaulize ushauri. Mtu binafsi akimtaka, muulize tangi lake ni lita ngapi. Chini ya 1,000 mshukuru tu. Akianza kusifia meno, mshukuru pia. Usiweke bei. Bei huleta vijana wenye haraka.

Siku ya safari, awe hajala siku tatu au nne, asiyachafue maji njiani. Wavu usiutumie: mkunga hana magamba, atajinyonganyonga humo na kuchubuka ute wake wote. Mnunulie bomba la plastiki la inchi nne, refu kama yeye, ulilaze tangini wiki nzima kabla. Ataingia mwenyewe. Akishalala humo, mtu mwenye glavu nene azibe ncha zote mbili kwa vipande vya wavu, bomba lote liingie kwenye pipa lenye maji yake mwenyewe na kifuniko cha kukaza, kilichotobolewa matundu madogo. Weka pampu ya hewa ya betri. Safirini usiku, maana jua la Mtito Andei litayapika maji. Mkifika, msimtumbukize. Maji mapya yaingie pipani tone kwa tone kwa mpira mwembamba, kama saa nzima.

Lakini hayo yote ni ya wiki ijayo. Leo kabla ya kulala, ziba kila upenyo wa kifuniko, hata ule wa waya wa taa, na uweke tofali juu. Wangu wa kwanza nilimpa jirani aliyeniapia kwamba tangi lake limefungika. Siku ya tatu aliniita nimsaidie kusogeza friji, kuna harufu. Alikuwa nyuma yake, amekauka kama mkanda wa suruali.