Nawarekodije watoto wakiigiza bila kuwavurugia mchezo?

SWALI: Nafundisha darasa la awali Morogoro. Kwenye kona yetu watoto hujipikilisha, hucheza hospitali na daladala. Nataka kuwarekodi kwa simu ili niweke kumbukumbu za maendeleo yao, lakini nikiitoa tu wanaacha mchezo na kuanza kupozi. Nikifanikiwa kupata video, sauti haisikiki, na simu yenyewe ya GB 32 inajaa haraka. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, tuanze na sauti, maana kwenye mchezo wa kuigiza picha peke yake haisemi mengi. Utamwona mtoto anazungusha sahani ya plastiki. Ni mdomo wake utakaokuambia kuwa ile ni usukani. Chukua daladala hiyo yenu. Viti vimepangwa, konda anadai nauli, abiria wanalipa majani ya mwarobaini. Mara mmoja anakatiza: "Tufanye gari imeharibika, wewe uwe fundi." Hapo ndipo penye kazi yako. Mtoto ametoka nje ya mchezo kidogo, ameupanga upya, amemgawia mwenzake nafasi, kisha amerudi ndani. Sara Smilansky, aliyechapisha utafiti wake kuhusu michezo hii mwaka 1968, alitazama mambo kama hayo: mtoto kuvaa uhusika, kukifanya kitu kiwe kingine, kudumu kwenye mchezo, kushirikiana na wenzake na kuzungumza nao. Nusu ya hayo huwezi kuyapima bila kusikia.

Kwa hiyo simu isikae mkononi mwako. Iegemeze kwenye rafu, kimo cha mtoto, karibu na kona kadiri inavyowezekana, juu ya kanga iliyokunjwa ili isidake mitikisiko ya meza. Hakuna programu ya kusafisha sauti inayoshinda kuisogeza simu mita moja. Tumia kamera ya nyuma, kioo kikielekea ukutani. Wakijiona kwenye kioo, mchezo umekwisha. Washa hali ya ndege, meseji isije ikaingia katikati. Siku za mwanzo iweke hapo hapo bila kurekodi mpaka waizoee. Ila usiifiche. Waambie inafanya nini, na asiyetaka kurekodiwa aheshimiwe.

Kuhusu kujaa: video ya 1080p (ubora wa juu) kwa kawaida hula MB 100 au zaidi kwa dakika, wakati sauti tupu ya kiwango cha kawaida (128 kbps) ni kama MB 1 tu. Rekodi sauti ya mchezo mzima, na video ya 720p (ubora wa chini kidogo) ya dakika mbili tatu mchezo unapokolea. Saa nzima ya video hutaitazama tena, hasa ukiwa na darasa kubwa.

Siku hiyo hiyo andika mistari michache: nani alikuwepo, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, kitu gani kiligeuzwa nini. Kibodi ya Google inapokea Kiswahili kwa kuzungumza, basi isimulie wewe ulichokisikia. Usiilishe rekodi ya watoto watano wanaosema kwa mpigo, itakuandikia vituko.

Sasa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, ikitaja unarekodi nini, kwa ajili gani, na rekodi utazifuta lini. Zima uhifadhi wa picha unaojipakia wenyewe mtandaoni, na kwenye mipangilio ya kamera zima pia kipengele kinachoandika mahali ulipo (location). Usitume chochote kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi akitaka kuona, mwonyeshe hapo hapo shuleni kwenye simu yako, na umchagulie kipande ambacho wazazi wa watoto wengine wanaoonekana humo nao wameridhia.