Dadu Juu ya Ramani: Mafunzo au Mchezo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni askari mstaafu. Kijana wangu anasomea uofisa, na alipokuja likizo nilimkuta sebuleni na wenzake wawili wakisogeza vipande vya kadibodi juu ya ramani na kurusha dadu, wakaniambia kwamba wanajifunza vita. Sisi tulijifunza kwa kutambaa matopeni. Je, askari anaweza kufundishwa mezani, tena kwa bahati nasibu?
– Mzee wa Walukuba, Jinja

JIBU: Mzee wetu, hukuwa wa kwanza kushangaa. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prusia, dola ya zamani ya Wajerumani, aitwaye Reisswitz, alimwonyesha Jenerali Karl von Müffling mchezo wa namna hiyo, na jenerali aliutazama kwa ubaridi. Ulipokolea, alikiri kuwa hayo ni mafunzo ya vita hasa, akaupendekeza kwa jeshi zima.

Ramani yake ilikuwa ya kipimo cha 1:8,000, na kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za mapigano. Hata hivyo, roho ya mchezo ni mwamuzi. Bila shaka umecheza omweso: mashimo 32, kete 64, na zote zi wazi mbele ya wachezaji wawili. Vitani hakuna neema hiyo. Katika mchezo wa Reisswitz kamanda aliandika amri yake kwenye karatasi, akampa mwamuzi, naye mwamuzi akaichelewesha kwa muda ule ambao tarishi wa farasi angeutumia njiani. Kikosi cha adui kilichojificha nyuma ya kilima hakikuwekwa mezani mpaka pawepo mtu wa kukiona. Ofisa alilazimika kuamua kwa habari pungufu, nyingine zimeshapitwa na wakati.

Waingereza walifanya vivyo hivyo Liverpool mwaka 1942, walipokuwa wakitafuta dawa ya nyambizi za Wajerumani: bahari ilichorwa sakafuni, na makamanda wa manowari wakawekwa nyuma ya mapazia yenye tundu, wachungulie kile tu ambacho wangekiona wakiwa majini.

Kuhusu dadu, Mzee, hapo hapana kamari. Mwamuzi ana jedwali la hasara zinazoweza kutokea kwa silaha fulani kutoka umbali fulani, na dadu huamua kama hasara itakuwa ndogo au kubwa, kwa kuwa hata kikosi hodari huwa na siku mbaya. Hatari huja pale mkubwa anapokataa jibu la dadu. Mwezi Mei 1942 Wajapani walifanya mchezo wa shambulio walilolipanga dhidi ya Midway, kisiwa cha Wamarekani katika Bahari ya Pasifiki, na mwamuzi akatangaza kwamba manowari zao mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zimezamishwa. Admirali Ugaki, mkubwa aliyesimamia mchezo huo, akapunguza idadi ya mabomu yaliyolenga, Akagi ikaokolewa. Mwezi uliofuata, katika vita vyenyewe, zilizama zote mbili, pamoja na nyingine mbili.

Matope yako yana nafasi yake: meza haifundishi uchovu, njaa wala woga, na anayedhani inafundisha hayo anajidanganya. Lakini luteni hawezi kupewa kikosi kizima akipoteze mara kumi ili ajue makosa yake, ilhali mezani anaweza kukipoteza kabla ya chakula cha mchana, kisha akapanga upya.

Mwulize kijana wako jambo moja tu: siku ile sebuleni, nani alikuwa mwamuzi? Kama hakuwapo, basi kaa wewe kwenye kiti hicho likizo ijayo, na usiwaonee huruma.