Salgo ya Kihispania si salgo ya Kiitalia!

Mkuu, hilo jedwali lako la minyambuliko lifute kabla hujapanda ndege. Unasema Kihispania unakijua, kwa hiyo Italia utatumia salir (kutoka) hiyohiyo, unabadilisha mwisho tu, halafu unauliza kama Kireno nacho ni hivyohivyo. Kwa Kiitalia, hapana! Na mimi nilifundishwa hivyo na mwalimu niliyemlipa, na hasira zangu kwake hazijaisha. Aliona salgo inaandikwa sawa kote kuwili, akatuambia "hii mnayo tayari".

Kilatini salire ni kuruka, na Kiromania kimebaki hapohapo: a sări. Kihispania kiliruka kwenda nje, salir ikawa kutoka. Kiitalia kiliruka kwenda juu, salire ikawa kupanda. Balaa ni kwamba salgo (mimi) na sale (yeye) zinafanana herufi kwa herufi. Mwenyeji wako anakaa ghorofa ya nne Roma, unamwandikia "Salgo alle otto", wewe unamaanisha saa 2 unatoka kwako. Yeye anaelewa saa 2 unapanda ngazi zake, na kahawa ameshabandika. Ulitakiwa kuandika "Esco alle otto". Kutoka kwa Kiitalia ni uscire, uzao wa exire ya Kilatini: esco, esci, esce, usciamo, uscite, escono. Mkazo ukikaa kwenye shina ni e, ukihamia mwishoni ni u.

Kwenye gari ni kinyume kabisa. Mwitaliano akikwambia "Sali!" anataka uingie garini, Mhispania akisema "¡Sal!" anataka utoke. Basi la mjini Italia, mlango ulioandikwa salita ni wa kupandia. Ukiusoma kama salida ya Kihispania (njia ya kutokea) utashukia humo na kugongana na wanaopanda.

Kwa hiyo usikariri kitenzi cha mwendo kikiwa peke yake, kikariri na kinyume chake. Kiitalia: salire na scendere (kushuka), uscire na entrare (kuingia). Kihispania: subir (kupanda) na bajar (kushuka), salir na entrar (kuingia). Andika jozi hizo nne kwenye karatasi moja, utaona mwenyewe salire imekaa upande wa subir, wala si wa salir. Jedwali la minyambuliko halikuonyeshi hilo hata ulikariri lote.

Kireno hakina shida hiyo: sair ni kutoka, saio, sais, sai. L imemezwa katikati ya irabu, kama colorem ya Kilatini (rangi) ilivyokuwa cor.