Maswali yenu: rege ya mabinti wa Korea

Tangu niandike kwamba Why So Lonely wa Wonder Girls ndiyo rege bora iliyowahi kutoka kwa kundi la wasichana wa Korea Kusini, mmeniletea maswali mengi, mengine ya ukali. Nimechagua yale yaliyojirudia.

Shikamoo dada. Hao Wonder Girls ni akina nani? Mimi nawajua BLACKPINK tu. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Ni dada zao wakubwa. Kundi hili lilianza Seoul mwaka 2007 chini ya JYP Entertainment, kampuni ya mwanamuziki Park Jin-young. Oktoba 2009 kibao chao Nobody kiliingia chati ya nyimbo ya Billboard Hot 100 ya Marekani, nafasi ya 76, na hakuna kundi la Korea lililokuwa limefika huko kabla yao. Vibao vikubwa vya miaka ile, Nobody kikiwemo, alivitunga bosi mwenyewe. Wasichana walipewa wimbo, wakapewa na hatua za kucheza.

Mwaka 2015 wakarudi wakiwa wanne: Yubin, Yeeun, Sunmi na Hyerim. Safari hii walishika vyombo. Halafu tarehe 5 Julai 2016 wakaachia Why So Lonely, na kwa mara ya kwanza wimbo wa kubeba kazi yao ukawa umetungwa na wanakundi wenyewe, Sunmi na Hyerim, wakisaidiana na mtunzi Hong Ji-sang. Ulikwea hadi namba moja kwenye chati ya Gaon ya Korea.

Hapo ndipo moyo wangu uliponaswa. Miaka tisa wimbo mkuu unaletewa, siku unapopewa nafasi ya kutunga wimbo mkuu, ungeweza kuchagua kitu cha kurusha watu ukumbini. Wao wakachagua rege, tena ya taratibu, yenye maneno ya mwanamke anayelalamika kwamba mpenzi yupo lakini upweke hauondoki. Mimi nauheshimu sana uamuzi ule.

Nitajuaje kama ni rege kweli au ni pop iliyopakwa rangi tatu? (Msomaji, Kisumu)

Swali zuri, na jibu liko masikioni mwako. Weka kiganja mezani, hesabu moja, mbili, tatu, nne, polepole. Kwenye pop nyingi ngoma kubwa inakita kwenye moja. Kwenye rege ya asili ya Jamaika, ule mtindo aliousimika Carlton Barrett, mpiga ngoma wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, pigo la moja linaachwa wazi, na uzito wote unaangukia kwenye tatu. Gitaa nalo linakata kwa ufupi kwenye mbili na nne, chap, chap, kisha linanyamaza. Besi ndiyo inayozungumza: inatembea, inasimama, inarudi, na mara nyingi unaweza kuuimba mstari wake peke yake bila mwimbaji.

Sasa weka Why So Lonely. Usisikilize sauti kwanza. Fuata gitaa kwenye beti, jinsi linavyokata na kuacha nafasi, kisha shuka kwenye besi. Nafasi ile ndiyo inayobeba upweke wa maneno. Watayarishaji wengi wa Seoul wanaogopa ukimya, wanajaza kila upenyo kwa vinanda na kelele za kompyuta. Hapa waliuacha ukimya ufanye kazi.

Na usitarajie roots kamili, yaani rege ya asili ya Jamaika. Ni pop iliyojengwa juu ya rege, sauti zimepangwa kwa usafi wa Kikorea na kibwagizo kimetengenezwa ili kikae kichwani. Lakini mifupa ni ya rege.

Walipiga vyombo kweli au ilikuwa maonyesho? (Msomaji, Dar es Salaam)

Walijifunza na wakawa wanavipiga: Yubin ngoma, Sunmi besi, Hyerim gitaa, Yeeun kinanda. Kwenye vipindi vya televisheni vya Korea ni kawaida muziki kutoka kwenye rekodi hata kwa makundi yenye vyombo, kwa hiyo usiwapime kwa video hizo.

Mbona umewasahau 2NE1? Falling in Love ilitangulia! (Wasomaji wengi, mmoja wenu kwa herufi kubwa tupu)

Kweli, rege hiyo ya 2NE1, kundi jingine la wasichana wa Korea, ilitangulia, ilitoka Julai 2013, na Teddy Park aliyeitayarisha anajua anachofanya. Tena 2NE1 walikuwa na rege mapema zaidi: mwaka 2009 walitoa toleo la rege la I Don't Care, na Kush, aliyeshiriki kuutunga wimbo huo, alitoka Stony Skunk, kundi la rege la Seoul. Kwa hiyo asili wanayo.

Lakini ukiniuliza, Falling in Love inabebwa zaidi na mashine na mbwembwe za hip hop, rege ikiwa kiungo. Unaipenda kwa sababu ya CL na Dara na wenzao, kwa ule ujasiri wao. Why So Lonely ukiwaondoa waimbaji, mdundo unabaki umesimama.

Na kwa aliyeuliza kwa nini zote mbili zilitoka Julai: kwetu Julai ni kipupwe, kule ni kiangazi chenye joto la kuchosha, na makampuni huachia nyimbo za ufukweni msimu huo. Rege huhesabiwa humo.

Hawa Wakorea si wanaiba tu? Sisi tumekua na Marley, Burning Spear na Lucky Dube. Rege ni sauti ya mnyonge, si ya mabinti wenye vipodozi. (Msomaji, Arusha)

Kaka yangu, hasira yako naielewa, na sehemu yake naikubali. Rege ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye mitaa ya watu waliodharauliwa, na Urasta uliipa maneno yake. UNESCO ilipoiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018, iliitambua kama sauti ya waliokandamizwa. Msanii wa popote anayesokota nywele bandia kwa ajili ya video moja, akaweka bendera ya rangi tatu nyuma, kisha wiki ijayo akahamia mtindo mwingine, amenikera mimi pia.

Ila Korea haikuamka jana. Katikati ya miaka ya 1990 rege ilivuma kule hasa. Kim Gun-mo alipata mafanikio makubwa kwa wimbo wa rege, na mwaka 1994 likatokea kundi la Roo'Ra ambalo hata jina lake lilitokana na mizizi ya rege. Sunmi na Hyerim walikuwa watoto wadogo miaka hiyo. Rege waliyoitunga 2016 ilishakuwa imeingia nchini mwao kizazi kizima nyuma. Na hawakujivika Urasta. Waliimba habari zao za mapenzi kwa mahadhi waliyoyapenda. Lucky Dube naye hakuwa Mjamaika, na hakuna kati yetu anayemwita mwizi.

Ninachodai ni majina. Anayetumia mdundo huu aseme umetoka Jamaika, tena aseme waziwazi kwenye mahojiano, ili binti wa miaka 14 anayempenda Sunmi afike kwa Marcia Griffiths, mwimbaji wa rege wa Jamaika. Hilo makampuni ya Seoul hayajalifanya vya kutosha.

Binti yangu wa darasa la sita anausikiliza kutwa. Kuna mambo ya bangi humo? (Mama msomaji, Tanga)

Hakuna, mama. Ni mapenzi yaliyopoa tu. Na Korea sheria ya bangi ni kali mno, raia wake anaweza kushtakiwa hata akivuta nchi nyingine. Ukitaka kumwongoza, kaeni mtafute tafsiri ya maneno pamoja.

Wapo bado? Kuna kazi mpya? (Msomaji, Bujumbura)

Walitangaza kuachana Januari 2017, wakatoa wimbo wa kuaga, Draw Me, tarehe 10 Februari, miaka kumi kamili tangu waanze. Sunmi anaendelea peke yake na anaandika sehemu kubwa ya nyimbo zake. Anza na Gashina ya 2017, ingawa rege humo hutaikuta.