Boila inapokula kuni kupita kiasi

Ndugu, umeuliza kwa nini boila ya kiwanda chenu cha chai inakula kuni nyingi kuliko mwaka jana, ilhali chai mnayokausha haijaongezeka. Anza na kuni zenyewe: mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto hutumika kwanza kuyachemsha maji hayo, kwa hiyo zipasueni na kuzianika chini ya paa kwa miezi kadhaa. Kisha soma kipimajoto cha bomba la moshi (kama bado kinafanya kazi, maana vingi hufa bila mtu kujali). Kila nyuzi 20 hivi zinazozidi kiwango cha kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nishati, mara nyingi kwa sababu ya masizi ndani ya mirija, ambayo husuguliwa kwa brashi boila ikiwa imezimwa na kupoa.