Kwa nini bado tunamwombea bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini bado tunamwombea bibi yako. Kama yuko mbinguni hahitaji sala zetu, umesema, na kama yuko motoni hazimfai kitu. Tena Yesu si alikwisha kulipa yote msalabani?

Tunamwombea kwa sababu ya toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo kabla ya kuingia mbinguni. Toharani si nafasi ya pili, mwanangu. Aliyekufa akimkataa Mungu haendi huko kubadili mawazo. Waliomo wamekwisha kuokoka, na wote wataingia mbinguni. Kilichobaki ni kutakaswa, na huko kutakaswa nako ni tunda la msalaba uleule. Ulimjua bibi yako. Kinyongo chake kwa dada yake alikiungama, akapokea na mpako wa wagonjwa, lakini jina la dada yake likitajwa uso ulimkunjamana bado. Nataka Mungu aimalize kazi hiyo ndani yake. Najua nawe unataka.

Soma Wamakabayo wa Pili, sura ya 12 (tumia Biblia yetu, maana za Waprotestanti nyingi hazina kitabu hicho). Yuda Makabayo, kiongozi wa vita wa Wayahudi, na watu wake wanakwenda kuwazika wenzao waliouawa vitani, na ndani ya kanzu ya kila maiti wanakuta hirizi za sanamu za mji wa Yamnia. Watu waliokufa wakilipigania taifa la Mungu, na hirizi mwilini! Yuda hakuwakatia tamaa. Alichangisha drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Nikisoma hapo namwona bibi yako, najiona na mimi.

Kuhusu moto, Paulo anaandika kwamba mtu "ataokolewa, lakini ni kama kwa moto". Moto wa namna gani, na kwa muda gani, Kanisa halijatufunga kwa lolote. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ulifundisha kwamba toharani ipo, na kwamba roho zilizomo husaidiwa kwa sala za waamini, hasa kwa sadaka ya altare, yaani Misa. Ukapiga marufuku pia kila kinachonuka tamaa ya fedha katika jambo hili. Basi akija mtu kukuambia Misa hununuliwa, au kukuhesabia miaka ya marehemu, usimsikilize.

Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Agustino, alipokuwa akifa huko Ostia karibu na Roma, mwaka 387, aliwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Nami siku yangu ikifika, naomba hilohilo kwako.

Na kama bibi yako amekwisha kufika? Omba tu, Mungu anajua wa kumpa.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi ukawaombea marehemu, waweza kumpatia marehemu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote iliyobaki ya dhambi zilizokwisha kusamehewa. Sharti uungame, ukomunike, usali kwa nia ya Baba Mtakatifu, na uikatae dhambi yoyote moyoni. Si lazima liwe kaburi lake, nenda makaburi ya hapo ulipo. Nia ya Misa ya tarehe 2, siku ya Marehemu Wote, nimeshampelekea padre.

Mama yako